Muziki wa kwanza wa nyumbani: wati nyingi, waya ghali na dhana nyingine potofu

Mtu akienda kununua muziki wake wa kwanza, yaani spika na amplifaya (chombo cha kukuza sauti), swali la kwanza huwa: una wati ngapi? Swali hilo huwapotezea watu pesa kuliko jingine lolote, maana jibu lake ni rahisi sana kulitia chumvi.

Dhana: Wati nyingi, ndipo sauti nzuri.

Ukizidisha nguvu ya amplifaya mara mbili, sauti hupanda desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ambayo sikio huihisi kwa mbali. Ili sauti isikike kubwa maradufu, nguvu inabidi izidishwe takriban mara 10. Kwa hiyo usilipie zaidi amplifaya ya wati 60 ukiwa umeshapata nzuri ya wati 50. Chenye uzito zaidi ni namba ambayo wanunuzi wachache huiuliza: spika inatoa desibeli ngapi kwa wati moja, ikipimwa umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 84 inadai nguvu mara 4 ili ilingane na ya desibeli 90. Katika chumba cha kawaida, ukisikiliza kwa kiasi, amplifaya mara nyingi hutoa wati chache tu.

Halafu kuna zile namba za maelfu zinazoandikwa PMPO, eti nguvu ya kilele cha papo hapo, kwenye boksi. Hazina kanuni moja ya kuzipima, kila kiwanda hujiandikia. Tafuta wati za RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo, zikitajwa pamoja na omu (kipimo cha ukinzani wa spika), kwa mfano wati 40 kwa omu 8. Kisha geuza chombo usome kibandiko cha nyuma: kinachokula wati 60 za umeme hakiwezi kukutolea wati 1,000 za muziki mfululizo.

Dhana: Amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa.

Inaweza. Ikikamuliwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi hukatwa, sauti huanza kukwaruza, na twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, hupokea nguvu ambayo haikuundiwa. Ukisikia mkwaruzo, punguza sauti papo hapo.

Dhana: Waya ghali husafisha sauti.

Waya wa shaba halisi wa milimita za mraba 1.5 unatosha kabisa kwa mita 5 na spika za omu 8. Ukinzani wake, kwenda na kurudi, ni kama omu 0.12. Jihadhari tu na waya wa alumini uliopakwa shaba unaouzwa kama shaba tupu. Pesa iliyobaki ipeleke kwenye spika. Mimi ningeziwekea nusu ya bajeti au zaidi, na ningenunua mbili nzuri kabla ya kufikiria seti ya spika tano na sabufa kwa bei ileile.

Dhana: Ukishanunua vyombo vizuri, pa kuviweka si hoja.

Hapa ndipo penye faida kubwa isiyogharimu chochote. Spika ikisukumwa kwenye kona, besi huvimba na kufunika sauti ya mwimbaji. Ivute mbele kidogo usikilize tena wimbo uleule. Twita ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, na umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali wa kila moja hadi ulipo. Chumba kitupu chenye sakafu ngumu hurudisha mwangwi, lakini zulia, mapazia mazito na kabati la vitabu huupunguza. Fanya haya kabla hujaamua kwamba spika ni mbovu.

Dhana: Vya mtumba ni kununua matatizo.

Kwa bajeti ndogo, mtumba ndio njia ninayoipendekeza kwanza, mradi ukague. Amplifaya iliyotunzwa hudumu miongo. Zungusha kitufe cha sauti taratibu: ikikwaruza, mara nyingi ni vumbi ndani ya kitufe, na fundi hulisafisha. Ikivuma hata bila muziki, huenda kapasita (vifaa vya ndani vinavyohifadhi chaji ya umeme) zimechoka, na hilo ni gharama. Kwa spika, toa kitambaa cha mbele uguse ukingo wa koni, ile sehemu inayotikisika kutoa sauti. Wa sponji huoza na kumomonyoka kwa miaka, wa mpira hustahimili zaidi. Kisha isukume koni ndani polepole kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote. Ikisuguana ndani, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, imepinda au imeungua, kwa hiyo iache hapohapo hata kama bei imeshuka.