Umeme ukikatika siku nne, giza ndo shida ndogo

Mi ni fundi umeme, nafunga waya na sola vijijini huku Njombe, na mvua zikianza tu mwezi wa 11 simu zinakuwa za aina moja: fundi njoo nifungie betri, nimechoka kukaa giza. Sawa, nakuja. Ila swali langu la kwanza sio la taa, nauliza maji unatoa wapi. Watu wanashangaa. Ujue huku laini inakatiza kwenye misitu ya kupanda, upepo ukilaza mti mmoja juu ya waya mnaweza kukaa siku 3 au 4, mafundi wenyewe wanahangaika na tope njiani, na giza la siku 4 mtu anavumilia ila pampu ya kisima isipowaka siku 2 na bandani kuna ng'ombe wa maziwa, hapo ndo utajua hujui.

Kwa hiyo hela ya kwanza peleka kwenye simtanki. Lita 2,000 juu ya mnara wa kama mita 3, maji yanashuka yenyewe. Watu 6 kwa lita 40 kila mmoja ni 240, ng'ombe wawili wape 140, jumla 380, tanki linakufikisha siku 5. Jaza kila jioni, usingoje liishe. Na pampu ya hospawa 1 usiniambie niichomeke kwenye inveta ndogo, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa soketi za nyumbani, ikianza kuzunguka inavuta moto mara kadhaa ya kawaida yake, nilishaunguza inveta yangu mwenyewe kwa ubishi huo huo.

Haya, betri sasa. Ya asidi, volti 12 ampia 100, kwenye karatasi ni wati 1,200 kwa saa moja, ila ukitaka ikae miaka usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo ya kwako kweli ni 600. Taa 5 za wati 5 masaa matano ni 125, tivii ya wati 40 masaa manne ni 160, simu za nyumba nzima weka 60, jumla 345. Yani hujafika hata siku 2 bila jua. Na hapa ndo wengi wanapigwa, wanapiga hesabu ya paneli kwa jua la mwezi wa 9 wakati umeme unakatika mwezi wa 1 mawingu yamekaa juu ya paa wiki nzima! Lithiamu unaweza kuitumia karibu yote lakini bei yake unaijua. Betri ya gari achana nayo, imetengenezwa kupiga stata, sio kuwasha taa mpaka usiku wa manane. Na mtoto akichomeka pasi kwenye inveta ujue mmelala giza wote.

Jenereta nina ugomvi nayo. Watu wanaiwashia jikoni au stoo kwa kuogopa wezi, moshi wake una hewa ya sumu ambayo haina harufu, unasinzia na huamki. Ikae nje, mbali na madirisha, ifunge mnyororo kama unaogopa wezi. Kingine ni ule waya wenye plagi dume pande mbili, wa kurudishia moto kwenye soketi ya ukutani, jamani hapana, umeme wako unatoka mpaka kwenye transfoma, kule unapandishwa kuwa maelfu ya volti na kuna mtu yuko juu ya nguzo anakutengenezea laini akijua imezimwa. Funga chenjiova, swichi ya kuchagua moto wa laini au wa jenereta, sio yote miwili kwa pamoja. Mteja akikataa chenjiova mi nafunga begi langu naondoka.

Friji usiifungue fungue, isipofunguliwa inashika ubaridi kama masaa 4, friza iliyojaa inaweza kwenda siku 2. Maziwa ya jioni chemsha au peleka kwa jirani mwenye gesi.

Umeme ukirudi usikimbilie kuwasha vitu. Kijiji kizima kina friji na pampu vimechomekwa, moto unakuja mdogo, unaruka, unakatika tena, na vitu vingi ninavyoletewa vimeungua viliungua dakika hizo sio umeme ulipokatika. Chomoa kila kitu mapema. Mi kwangu naacha taa moja ya uani tu, ikiwaka naiangalia kama dakika 10, ikitulia ndo nachomeka friji, na pampu inakuwa ya mwisho.