Kilichokuwa Kikilia Ndani ya Gari la Zamani

Mteja mmoja aliyekwisha kuvuka miaka sabini aliniletea gari la marehemu baba yake, ambalo lilikuwa limelala bandani kwa zaidi ya miaka ishirini. Baada ya miezi kadhaa ya kazi, injini iliwaka. Yeye hakulitazama gari. Alifumba macho, akasimama kimya kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba amejiona ameketi kiti cha nyuma, ana umri wa miaka sita, na safari ndiyo kwanza inaanza.

Kazi yangu ni kufufua magari ya aina hiyo, na tukio hilo nimelishuhudia mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba gari la utotoni hatulikumbuki kwa macho kwanza. Watu hukosea rangi yake na idadi ya milango yake, lakini sauti na harufu yake hawazikosei kamwe. Tena sauti hizo na harufu hizo hazikuwa mapambo ya zama zile. Kila moja ilitokana na sababu ya kiufundi inayoelezeka, na sababu hizo ndizo ninazotaka kuzieleza hapa, kwa kuwa zinafifia pamoja na watu waliozijua kwa mikono yao.

Tuanze na asubuhi ya safari, wakati injini bado ya baridi. Petroli haiungui ikiwa bado ni matone. Ni lazima kwanza igeuke mvuke na kuchanganyika na hewa. Ndani ya injini ya baridi sehemu kubwa ya petroli hiyo hunata kwenye kuta za njia ya kuingilia, na kinachofika kwenye silinda ni hewa nyingi yenye mafuta kidogo mno. Dawa yake ilikuwa choki, kitufe kwenye dashibodi ambacho dereva alikivuta ili kibati kidogo kifunge mdomo wa kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, hewa ipungue na petroli ifyonzwe kwa wingi. Injini ikiwaka kwa mchanganyiko huo mzito, hunguruma kwa sauti nene yenye kusitasita, na moshi wake hunuka petroli ambayo haikuungua. Hiyo ndiyo harufu ya alfajiri ambayo watu wengi hunieleza. Dereva makini alikirudisha kitufe kidogokidogo kadiri injini ilivyopata joto, akisikiliza mlio wake uwe mwepesi. Aliyekisahau alizipaka plagi masizi, na petroli iliyozidi ikaosha ule utando wa oili unaolinda kuta za silinda.

Aliyevuta choki kupita kiasi aliifurisha injini kwa petroli, ikagoma kabisa. Hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja dakika chache, kisha kurudisha choki, kukanyaga mafuta hadi chini ili hewa ipite kwa wingi, na kujaribu tena. Ukimya wa dakika zile, familia nzima ikiwa imekwisha kukaa vitini na hakuna anayethubutu kumsemesha mwenye usukani, ni kumbukumbu ninayosimuliwa na watu ambao hawajawahi kukutana.

Wengine wanakumbuka hendeli, chuma kilichopinda cha kuzungushia injini kwa mkono ili iwake. Cadillac ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme mwaka 1912, kutokana na kazi ya mhandisi Charles Kettering, lakini betri za miaka mingi iliyofuata zilikuwa dhaifu, na tundu la hendeli liliendelea kuonekana mbele ya magari mengi hata baada ya Vita Kuu ya Pili. Citroën 2CV, gari dogo la Kifaransa lililoundwa kuanzia mwaka 1948 hadi 1990, lilikuja na hendeli yake. Waliofundishwa kuitumia walipewa kanuni moja kabla ya nyingine zote: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, na nguvu itumike katika kuvuta kwenda juu. Cheche ikiwahi kabla ya pistoni kufika kileleni, injini hurudi nyuma kwa ghafla, na hendeli hupiga kwa nguvu inayotosha kuvunja mkono. Kwa kidole gumba kilichokaa vizuri, hendeli huchomoka kiganjani bila madhara.

Gari likishaondoka, barabara nayo ilianza kusema. Barabara nyingi za mwanzo wa zama za magari zilikuwa za mawe yaliyopondwa, kwa mtindo uliopewa jina la mjenzi wa barabara John Loudon McAdam: tabaka za kokoto zenye ncha kali, zinazokabana zaidi kila zinapokanyagwa. Mtindo huo ulifaa magurudumu ya mikokoteni yenye pete za chuma, kwa sababu chuma kilisaga mawe na unga wake ukajaza nafasi zilizobaki. Tairi la mpira lililojaa hewa lilifanya kinyume chake, kwani likipita kwa kasi lilifyonza unga huo na kuutupa nyuma kama wingu. Vumbi tunalolikumbuka lilikuwa barabara yenyewe ikihama, na ndiyo maana lami ikahitajika haraka. Mhandisi wa barabara nchini Uingereza, Edgar Purnell Hooley, alipata hataza ya mchanganyiko wa lami na mabaki ya tanuri za chuma mwaka 1902, baada ya kuona mahali ambapo lami ilimwagika na kufunikwa kwa mabaki hayo, pakawa pagumu na pasafi.

Barabara ya zege ilikuwa na sauti yake ya pekee. Zege hupanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, hivyo hujengwa kwa vipande vyenye mianya iliyojazwa lami, na kila tairi likivuka mwanya hutoa kishindo kidogo. Ikiwa vipande vina urefu wa mita 5 na gari linakwenda kilomita 60 kwa saa, kila ekseli itapiga zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Mtoto aliyelala nyuma alijua mwendo umepungua kabla hajafumbua macho, kwa kuwa mdundo ulipungua nao.

Barabara ya udongo ilijikunja migongomigongo kama ubao wa kufulia, na wengi mpaka leo hudhani kwamba ni mvua au malori mazito yaliyosababisha. Majaribio yaliyofanywa kwa gurudumu moja linalozunguka juu ya mchanga yameonyesha jambo la kushangaza zaidi: gurudumu lolote likipita mwendo fulani huruka kidogo linapogusa kijiwe au kituta, hutua mbele yake na kuchimba, na kile kichimbo huwa sababu ya gurudumu linalofuata kuruka palepale. Chini ya mwendo huo, ardhi hubaki laini. Greda likisawazisha, makunyanzi hurudi, kwa kuwa mwendo wa magari haujabadilika. Madereva wa zamani waligundua wenyewe kwamba ukiongeza kasi, gari huacha kutetemeka na kuonekana kama linaelea juu ya vile vilele. Raha hiyo ilikuwa na gharama, maana tairi linalogusa vilele pekee lina mshiko mdogo sana, na kona ikitokea ghafla usukani haufui dafu.

Mlima ulikuwa mtihani wa rejeta, chombo kinachopoza maji ya injini. Maji huchemka kwa nyuzi joto 100 usawa wa bahari, na kiwango hicho hushuka takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Mifuniko ya kisasa hubana shinikizo ndani ya mfumo ili maji yavumilie joto zaidi, ilhali ile ya kale ilibana kidogo tu au haikubana kabisa. Zaidi ya hapo, feni ilizungushwa na injini yenyewe kwa mkanda: dereva aliyeng'ang'ania gia kubwa mlimani aliifanya injini izunguke polepole, feni nayo ikapunguza upepo wakati ule ule joto lilipozidi. Ndiyo sababu ya mlio wa kuchemka, mvuke mbele ya kioo, na kile kituo cha kando ya barabara ambapo watu walishuka, wakanyoosha miguu na kungoja. Kungoja kulikuwa lazima, kwani anayefungua mfuniko wa rejeta la moto hupunguza shinikizo kwa ghafla, na maji yote huchemka kwa mpigo mmoja na kumrukia usoni. Mara nyingine rejeta lilikuwa salama na gari likazimika vivyo hivyo, kwa sababu petroli ilikuwa imegeuka mvuke ndani ya pampu iliyoshikamana na injini. Kitambaa kilichoroweshwa maji na kuviringishwa kwenye pampu kiliyamaliza matatizo hayo.

Kuteremka ndiko kulikokuwa kwa hatari zaidi, na hapa sina budi kusema waziwazi, kwa maana kumbukumbu hupenda kulainisha mambo. Breki za zamani zilikuwa za ngoma: viatu viwili vinavyopanuka ndani ya duara la chuma. Zikitumika mfululizo, joto hulipanua duara likajitenga na viatu, na bitana ya viatu hivyo, yaani tabaka linalosugua duara, hupoteza msuguano wake. Katika ujana wangu niliteremsha lori dogo kwenye mteremko mrefu huku nikikanyaga breki bila kupumzika, na nakumbuka jinsi pedali ilivyozidi kuzama huku mguu wangu ukizidi kusukuma, na ile harufu kali ya bitana inayoungua ikijaa ndani ya lori. Nililiokoa lori kwa kurudi gia ya chini, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kileleni. Wazee walinifundisha baadaye kwamba mlima huteremkwa kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Breki za diski, ambazo hupoa haraka kwa kuwa ziko wazi kwenye upepo, zilijipatia sifa mwaka 1953 Jaguar ilipozitumia na kushinda mashindano ya magari ya Le Mans, Ufaransa.

Jambo moja dogo hunifurahisha kila ninapolieleza, kwa kuwa watu hudhani kumbukumbu zao zimewadanganya. Wanasema kwamba waipa za gari la nyumbani zilikuwa zikichoka mlimani na kuchangamka mteremkoni. Hawajadanganywa. Waipa nyingi hazikuendeshwa kwa umeme, bali kwa ombwe, yaani mvuto wa mahali penye upungufu wa hewa, linalotokea kwenye njia ya kuingizia hewa ya injini. Dereva akikanyaga mafuta kupanda mlima, hewa huingia kwa wingi na ombwe hutoweka, hivyo waipa hujikokota au husimama katikati ya kioo. Akiachia mafuta, ombwe hurudi na waipa hucheza kwa haraka. Mvua kubwa mlimani ilimaanisha kuachia mafuta kwa sekunde moja ili kuona njia, kisha kukanyaga tena.

Taa nazo zilikuwa na tabia kama hiyo. Daynamo huzalisha umeme kidogo sana injini inapozunguka polepole, kwa hiyo gari likisimama usiku taa zilififia na kuwa za manjano, zikang'aa tena lilipoondoka. Alteneta, mtambo wa umeme uliochukua nafasi ya daynamo na kuenea katika miaka ya 1960, iliondoa mchezo huo. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe haikuwa hata na geji ya mafuta mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Injini ikianza kukohoa, dereva alipeleka mguu kwenye mkono mdogo chini ya dashibodi na kufungua akiba. Abiria wote walikijua kikohozi kile.

Kuhusu harufu, nisingependa kumficha mtu ukweli. Sehemu kubwa ya harufu tamu ya gari la zamani ni mvuke wa petroli, kwa kuwa bakuli la kabureta na tangi vilipumua moja kwa moja hewani, pamoja na moshi ambao haukupita kwenye kisafishaji chochote. Petroli yenyewe ilitiwa madini ya risasi ili injini isigonge, uvumbuzi wa mwaka 1921 wa Thomas Midgley na wenzake, na sumu hiyo ilivutwa na watoto kwa vizazi kadhaa hadi Algeria, nchi ya mwisho kuiuza kwa magari, ilipoiacha mwaka 2021. Naipenda harufu ile kama wengine wanavyoipenda, lakini karakana yangu naijengea madirisha makubwa.

Wanaoniuliza ni sauti gani imesalia katika magari ya leo nawajibu kwamba ipo moja. Gia za kwenda mbele hukatwa kwa meno ya mshazari, ambayo hukutana taratibu na hivyo hukaa kimya. Gia ya kurudi nyuma katika magari mengi ya gia za mkono bado ina meno yaliyonyooka, kila jino likimpiga mwenzake kwa upana wake wote kwa mara moja, kama zilivyokuwa gia zote za magari ya kale. Ingia katika gari kama hilo mahali palipo kimya, funga madirisha, rudi nyuma kwa mwendo wa pole, na usikilize ule mlio mwembamba unaopanda kadiri gari linavyoongeza mwendo.