Sedani ya Zamani Iliyobaki na Asili Yake: Dhana Potofu na Ukweli kwa Mnunuzi Mpya

Mtu anayenunua sedani ya zamani ambayo bado ina rangi, viti na injini ilivyotoka navyo kiwandani huanza kupewa ushauri kabla hata karatasi za umiliki hazijaandikwa jina lake. Mmoja humwambia aivue yote na kuipiga rangi upya, mwingine humshauri aiwekee injini ya kisasa, na wa tatu humwonya asiguse hata nati moja. Kila ushauri una chembe ya ukweli, na ndiyo sababu haufi, lakini wote unachanganya makundi mawili ambayo mmiliki anapaswa kuyatenganisha mapema: vitu vinavyobeba historia ya gari, ambavyo vikishaondolewa havirudi, na vitu vilivyotengenezwa tangu mwanzo ili vichakae na kubadilishwa.

Dhana: gari la zamani halina thamani mpaka lirudishwe kuwa kama jipya

Dhana hii ilipata nguvu kwa sababu kwa miaka mingi waamuzi wa maonyesho ya magari ya kale walituza rangi inayong'aa kama kioo na kromu isiyo na doa, mara nyingi kwa kiwango ambacho kiwanda chenyewe hakikuwahi kukifikia. Mtazamo huo umebadilika. Onyesho la Pebble Beach Concours d'Elegance la Marekani lilianzisha kundi la magari ambayo hayajakarabatiwa mwaka 2001, na mwaka 2024 tuzo yake kuu ilikwenda kwa Bugatti Type 59 ya mwaka 1934 ambayo rangi yake iliachwa na uchakavu wake. Lilikuwa gari la kwanza la kundi hilo kutwaa tuzo kuu. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, nalo lina mwongozo unaojulikana kama Mkataba wa Torino, ambao hutanguliza kuhifadhi kilichopo na kuuweka ukarabati mkubwa baadaye.

Bugatti ya mashindano si sedani ya familia, na msomaji anaweza kuuliza mambo hayo yanamhusu nini. Yanamhusu sana, kwa sababu hesabu ya sedani ni kali zaidi. Pale modeli ilipotolewa pia kama kupe, yaani gari la milango miwili, au gari la paa la kukunja, sedani ya milango minne kwa kawaida ndiyo huuzwa kwa bei ndogo, ilhali kazi ya kuikarabati haipungui hata kidogo: milango ni minne, viti vina kitambaa kingi, vipande vya kromu ni vingi, na fundi hapunguzi ujira wake eti kwa kuwa gari ni la bei nafuu. Ukarabati kamili ukifanywa vizuri mara nyingi hugharimu zaidi ya bei ambayo mnunuzi yeyote atakubali kulipa baadaye. Anayeufanya kwa mapenzi yake hana kosa, lakini anayeufanya kama uwekezaji afanye hesabu upya.

Kuna pia jambo ambalo fundi bora kabisa hawezi kulirudisha. Alama za chaki zilizoandikwa na wafanyakazi wa kiwanda chini ya zulia, namna rangi ilivyopulizwa haraka ndani ya buti mahali ambapo hapakutarajiwa kuonekana, mshono wa kiti, hata aina ya mipako ya boliti, vyote hivyo ni ushahidi wa jinsi gari lilivyotengenezwa. Watu wanaokarabati magari mengine ya modeli hiyo hulitafuta gari ambalo halijaguswa ili wajue ukweli ulikuwaje. Msasa ukipita, ushahidi huo haupo tena.

Hata hivyo si kila rangi kuukuu inastahili heshima. Ikiwa kutu imekula sehemu zinazobeba uzito wa bodi, au ikiwa gari lilikwishapigwa rangi mara kadhaa na kuzibwa kwa puti, hoja ya kuhifadhi hudhoofika. Kwa hiyo uchunguzi hutangulia uamuzi: kipimo cha unene wa rangi huonyesha mahali palipopigwa rangi tena, sumaku yenye kitambaa chembamba isiyoshika chuma huonyesha palipozibwa, na kuinua mazulia husema zaidi ya maneno ya muuzaji. Namba ya chasi na ya injini zilinganishwe na karatasi za kale, kama zipo.

Dhana: kuhifadhi asili maana yake ni kutobadilisha chochote

Hili ndilo kosa la upande wa pili, na ni la hatari zaidi kwa sababu linaweza kuua. Tairi lenye meno marefu linaweza kuwa limekwisha kabisa, kwa kuwa mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Matairi yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 hubeba namba nne kwenye ubavu zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukikuta namba tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya hapo na halifai barabarani hata likiwa linapendeza. Atakayenunua mapya asichanganye matairi ya nyuzi za kukingamana na ya radiali, ambayo nyuzi zake hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, kwenye ekseli moja, kwani hayashiki barabara kwa namna moja.

Breki zinahitaji uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Mafuta ya kawaida ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani: yale ya daraja la DOT 4 hutakiwa yakiwa mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji kiwango hicho hushuka hadi 155, na maji hayohayo hula silinda za breki kutoka ndani. Sedani nyingi za zamani zina mfumo mmoja tu wa breki kwa magurudumu yote manne, kiasi kwamba mpira mmoja ukipasuka kanyagio huzama hadi sakafuni na gari halisimami. Mipira yote ya breki, sili na mafuta vibadilishwe bila kujali vinaonekanaje. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa upepo, kwa sababu huenda likawa na asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu. Lilowanishwe na kufutwa.

Mipira ya petroli, mikanda ya injini, mafuta na maji ya rejeta vimo katika kundi hilohilo. Hakuna mwamuzi wa maonyesho atakayepunguza alama kwa sababu ya mpira mpya wa petroli, na akifanya hivyo basi shida ni yake.

Dhana: jambo la kwanza ni kuona kama injini inawaka

Shauku hii inaeleweka, lakini imeharibu injini nyingi zilizokuwa nzima. Injini iliyolala miaka huwa na kuta kavu za silinda, na ringi za pistoni zinaweza kuwa zimeshikana na kutu nyembamba ambayo ingeachia taratibu kama ingepewa muda. Utaratibu salama ni kuondoa plagi, kutia mafuta kidogo katika kila silinda, kusubiri, kisha kuzungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye boliti ya mbele ya kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Ikizunguka kwa urahisi, mafuta ya injini hubadilishwa, na petroli safi huletwa kutoka kwenye kidumu badala ya tangi, ambamo petroli ya zamani imegeuka gundi na kutu imekaa chini. Kabla ya kufunga betri, hakikisha volti na ncha: magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1950 yalitumia volti 6, na mengi ya Uingereza yalifunga ncha chanya kwenye bodi hadi miaka ya 1960.

Dhana: bila petroli yenye risasi injini itakufa

Madini ya risasi yalianza kutumika katika petroli kama dawa ya kuzuia injini kugonga baada ya ugunduzi wa mwaka 1921 katika maabara za General Motors, na nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli hiyo kwa magari ya kawaida ilikuwa Aljeria, mwaka 2021. Risasi ilikuwa pia inakinga viti vya vali vya chuma laini, yaani pete ambazo vali hukalia zinapofunga, visichimbwe. Hofu hiyo si ya uongo, ila imetiwa chumvi. Uchakavu huo hutokea hasa injini inapoendeshwa kwa kasi kubwa au mzigo mzito kwa muda mrefu. Anayeendesha kwa utulivu apime mwanya wa vali mara kwa mara. Ukiendelea kupungua, kiti kinachimbika, na viti vigumu vifungwe siku kichwa cha injini kitakapofunguliwa. Ethanoli iliyochanganywa na petroli ya leo husumbua zaidi, kwani hulainisha mipira ya zamani na huvuta unyevu.

Dhana: gari lililolazwa liwashwe dakika chache kila wiki

Hapana. Mwako hutoa mvuke wa maji, na injini isiyopata joto kamili huuacha ndani ya mafuta na ndani ya bomba la moshi. Ama gari liendeshwe hadi lipate joto sawasawa, ama liachwe limelala mahali pakavu, chini ya kitambaa kinachopitisha hewa na si turubai la plastiki.

Dhana: kuliboresha ni kuliharibu

Swali la maana ni kama mabadiliko yanaweza kurudishwa nyuma. Mikanda ya usalama iliyofungwa kwenye matundu yaliyopo, taa zenye mwanga zaidi, au kiwashio cha kielektroniki kilichofichwa ndani ya distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, haviachi alama, mradi vifaa vya asili vihifadhiwe vikiwa na lebo. Kukata ukuta ulio kati ya injini na abiria ili injini kubwa ienee ni jambo jingine, tena mara nyingi huacha breki za ngoma zilezile zikisimamisha kasi ambayo hazikuundiwa.

Dhana: kuliuza ni kushindwa

Asiye na banda kavu, wala fedha ya breki na matairi mwaka huu, hufanya vyema zaidi kumpa mwingine gari likiwa zima. Njia inayopoteza sedani nyingi ni ile ambayo mmiliki huiita subira: viti vinatolewa, kromu inawekwa pembeni, fundi anasubiri malipo, na mvua inaingia. Sedani kamili yenye vumbi bado ina wanunuzi wa aina zote, lakini iliyofunguliwa nusu huishia kwa anayetafuta vipuri, naye hulipa bei ya vipuri.