2147483647: namba tasa iliyothibitishwa kwa mkono

Wengi wanaoijua namba 2147483647 wamekutana nayo kwenye kompyuta. Ndiyo kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye nafasi ya biti 32, biti moja ikiachiwa alama ya chanya au hasi. Sisi wa hisabati tunaipendea jambo jingine: ni namba tasa. Mwanahisabati Leonhard Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772 akiwa St Petersburg, Urusi, macho yake yakiwa karibu hayaoni tena.

Namba yenyewe ni 2³¹ − 1. Namba za umbo hili, ziitwazo za Mersenne, huhadaa. Kwa mfano, 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2047, yaani 23 × 89. Kwa hiyo lazima kupima.

Njia ya kawaida ni kugawanya kwa kila namba tasa hadi kwenye kipeuo cha pili, ambacho hapa ni kama 46340. Namba hizo zinakaribia 4,800. Euler alizichuja kwanza. Tuseme namba tasa q ni kigawo cha 2³¹ − 1. Basi 2³¹ ikigawanywa kwa q hubaki 1, na kwa kanuni ya Fermat (2 ikipandishwa kwa kipeo q − 1, kisha ikagawanywa kwa tasa q, hubaki 1), q − 1 lazima igawanyike kwa 31. Kwa kuwa q ni witiri, q − 1 inagawanyika pia kwa 2, hivyo kwa 62. Kisha 2³² ikigawanywa kwa q hubaki 2, na 2³² ni mraba wa 2¹⁶. Hilo peke yake linailazimisha q ibakize 1 au 7 ikigawanywa kwa 8. Unganisha masharti hayo mawili: q ikigawanywa kwa 248 hubaki 1 au 63, basi.

Ghafla zimebaki namba zisizofika 400 za kuangalia, na nyingi si tasa. 249 ni 3 × 83, iache. 311 ni tasa. Gawanya, inabaki 35. Tasa inayofuata ni 1303, inabaki 226. Ukiendelea hivyo hadi mwisho, hakuna hata moja inayogawa bila baki. Mwanafunzi wa sekondari mwenye karatasi na subira anaweza kuurudia uthibitisho huu wote, na ningetamani walimu wawape nafasi hiyo.

Kompyuta za zamani zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti 32 zitafika kwenye namba hii tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kisha zitaruka hadi Desemba 1901. Hitilafu hiyo haitokani na utasa wake. Utasa unafaa kwingine, kwenye kuzalisha namba za nasibu: anza na namba yoyote kati ya 1 na 2147483646, zidisha kwa 16807, gawanya kwa 2147483647, chukua baki, rudia. Utazipitia zote 2147483646, kila moja mara moja, kabla ya kurudi ulikoanzia.