Black tie si tai nyeusi: maneno ya Kiingereza ya shughuli na mitindo tunayoyavaa ndani nje

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikipitia maandishi ya kadi za mialiko katika duka dogo la uchapaji, Dar es Salaam. Kazi yenyewe si ngumu: uhakikishe jina la bibi harusi halijakosewa, tarehe inalingana na siku, na ukumbi ni uleule uliolipiwa. Kilichonitoa jasho ni Kiingereza. Wateja walikuja na maneno waliyoyaokota kwenye simu, wakitaka yachapwe kwa herufi za dhahabu, na mara nyingi neno lilikuwa linasema jambo jingine kabisa. Siku moja kamati ya harusi ilitaka chini ya kadi yaandikwe "black tie". Mwenyekiti akanifafanulia: "Wanaume wote wafunge tai nyeusi, picha zitoke safi."

Basi nianzie hapo. Kila kichwa hapa chini ni imani niliyoikuta kwa wateja, nami naijibu.

"Black tie" ni tai nyeusi

Hapana, ni vazi zima. Kadi ikisema hivyo, mwenye shughuli anamtaka mwanamume avae koti la jioni, jeusi au la buluu iliyokoza, lenye kola ya satini au hariri, suruali yenye utepe ubavuni, shati jeupe, na shingoni tai ya kipepeo. Koti hilo Waingereza huliita "dinner jacket". Wamarekani huliita "tuxedo", kwa sababu kwao lilivuma miaka ya 1880 kutokea Tuxedo Park, makazi ya matajiri nje ya jiji la New York. Tai ndefu nyeusi Waingereza wanayo pia, ila huifunga mazikoni. Sasa piga picha ukumbi mzima umeifunga kwenye harusi.

Juu yake kuna "white tie": koti lenye mikia na tai ya kipepeo nyeupe, kama wavaavyo wanaume kwenye utoaji wa Tuzo za Nobel kule Stockholm.

Mtego mwingine ni "lounge suit", neno linalopenda kujitokeza kwenye mialiko ya balozi na ya serikali. Msomaji akiona "lounge" anawaza makochi na vinywaji, anakuja na fulana ya kola. Kumbe ni suti ya kawaida ya ofisini, pamoja na tai. Karne ya 19 suti hiyo ilikuwa ya kupumzikia nyumbani ukiilinganisha na makoti marefu ya wakati ule. Dunia ikahama, jina likabaki.

Na "fancy dress" ndiyo hatari kuliko zote. Kwa Mwingereza si nguo za fahari. Ni mavazi ya kuigiza: haramia, mzimu, askari, mfalme. Mmarekani angesema "costume party". Ukienda umepiga pamba za nguvu, gauni lako la kumetameta litasimama peke yake katikati ya maharamia.

"Kaunda suit" nalo lina mipaka yake. Kuanzia Lusaka hadi Nairobi linaeleweka bila maelezo. Wakenya hawajasahau kwamba Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku suti hiyo katika Bunge la Taifa, wakati Rais Ruto mwenyewe alikuwa ameifanya kama sare yake. Lakini ukilitaja kwa fundi wa London anaweza kukutazama tu. Yeye analijua kama "safari suit". Neno "safari" limo humo ndani, na Waingereza walilichukua kwetu karne ya 19, sisi tukiwa tumelipata kwa Waarabu. Leo linaturudia kwenye lebo za maduka ya Ulaya likiwa na bei ya euro.

RSVP ni namba za kamati

Kwenye kadi zetu herufi hizo hufuatwa na majina matatu na namba za simu, hivyo wengi wamejenga imani kwamba maana yake ni "kwa mawasiliano". Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kifaransa, "répondez s'il vous plaît", yaani tafadhali jibu. Unaombwa useme utakuja au hutakuja, ili sahani zihesabiwe. Ndiyo maana kuandika "please RSVP" ni kuomba tafadhali mara mbili. Nakiri sijawahi kuona mtu wa kwetu akipiga simu kusema haji. Kamati huzitumia namba hizo kukumbushia michango.

Ukishafika kwenye hesabu ya watu, neno la Tanzania ni kadi ya "single" au "double". Kila mwenye kuchangia anajua ni kiasi gani kinampa ipi. Ukimwambia mgeni kutoka Toronto kwamba umemwekea "double", atafikiri ni kitanda cha hoteli. Kwao anayeruhusiwa kuja na mwenzake anaambiwa ana "plus one".

"Kitchen party" na "send-off" vinaeleweka dunia nzima kwa kuwa ni Kiingereza

Maneno ni ya Kiingereza, shughuli ni yetu. Kichen pati ya Tanzania, na ile ya Zambia, ni siku ya wanawake kumkalisha bibi harusi mtarajiwa, kumfunda na kumjazia vyombo. Ukienda nayo Nova Scotia, mashariki ya Kanada, watu watakuja na fidla, maana kwao ni usiku wa muziki jikoni. Kilicho karibu kidogo ni "bridal shower" ya Wamarekani, kwa sababu ya zawadi. "Hen party" ya Waingereza haifanani nayo: hiyo ni marafiki wa kike wa bibi harusi wanaotoka kwenda kujirusha, somo wala kungwi hayupo.

Sendofu vilevile. Kwa Mwingereza "send-off" ni kumuaga yeyote anayeondoka, hata bosi anayestaafu, na mpirani "sending-off" ni kadi nyekundu. Hajui kwamba familia ya bibi harusi inaweza kukodi ukumbi, kupika pilau la watu mia tatu, na harusi bado haijafika. Uganda wana "introduction", yaani kwanjula, siku bwana harusi anapotambulishwa kwa familia ya bibi harusi, ambayo kwa mgeni itasikika kama watu wawili wanaopeana mikono na kutajiana majina.

Wapo walimu wanaowakataza wanafunzi maneno haya wakisema ni makosa. Sikubaliani nao. Kiingereza cha hapa kimetengeneza maneno kwa mahitaji ya hapa, na hakuna neno la London litakaloibeba kichen pati. Kinachotakiwa ni kujua kwamba likishavuka mpaka linahitaji sentensi moja ya maelezo.

Kosa lililo kosa kweli ni dogo zaidi: "I attended their marriage." Marriage ni ndoa, na ndoa ya watu haihudhuriwi. Ulihudhuria "wedding", harusi.

Harusi iliyofana ni "pompous"

Hili nililifuta kwenye kadi za shukrani mara nyingi kuliko neno lolote. Chanzo chake kinaeleweka: magazeti yetu ya Kiingereza hayachoki kuandika kwamba sherehe ilijaa "pomp and colour", na "pomp" ni kweli ni shamrashamra za fahari. Ila ukiongeza silabi moja umetoka kwenye sifa ukaingia kwenye tusi. "Pompous" ni mtu anayejiona, anayeongea kama yuko jukwaani hata akiagiza chai. Ukiandika kwamba bwana na bibi harusi wanawashukuru kwa kuifanya siku yao iwe "pompous", umewatukana kwa herufi za dhahabu.

Tatizo ni kwamba neno "kufana" halina pacha wa Kiingereza. Mwingereza atasema shughuli ilikuwa "a great success", au "it went beautifully", na si rahisi apate neno moja lenye utamu wa "imenoga". Kwa hiyo tunaokota lolote linalong'aa. Mtu ananunua kitambaa cha rangi kali, anakisifu kuwa ni "loud" au "gaudy", bila kujua kwamba yote mawili yanamaanisha rangi zinazopiga kelele. Anasema gauni ni "cheap" akikusudia alilipata kwa bei nzuri, na msikilizaji anaelewa linatia aibu. Anaiita siku "eventful" akidhani ni siku ya matukio ya furaha. Neno hilo halijali, hata siku ya kuibiwa pochi, kunyeshewa na kukosa daladala ni "eventful". Rubani akisema safari ilikuwa "uneventful", mshukuru Mungu.

Smart, trendy na trending ni ndugu

"Smart" yetu tuliichukua kwa Waingereza: nadhifu, amenyooka, shati limepigwa pasi. Kwa Mmarekani "smart" kwanza ni mwenye akili. Ukimwambia Mmarekani "you look very smart today" anaweza kujiuliza jana alionekana mjinga.

"Trendy" na "trending" ndizo zinazochanganywa sana siku hizi, hasa tangu "kutrendi" iwe kitenzi cha Kiswahili cha mtaani. Kitu "trending" ni kile kinachozungumzwa na wengi kwa saa hizi, hata kama ni fumanizi. Kitu "trendy" ni kinachokwenda na wakati, na ndani yake mna kejeli kidogo: kimependwa sasa, mwakani kitasahaulika. Ukitaka kumsifu mtu anayependeza bila kufuata mkumbo, neno lake ni "stylish". Fasheni inauzwa dukani. Huyo ana mtindo wake, hata akivaa kanga tu.

Kila cha zamani ni "vintage", kila cha gharama ni "bespoke"

"Vintage" asili yake ni mavuno ya zabibu na mwaka wa divai. Katika nguo, wafanyabiashara wengi huhesabu kuanzia miaka 20 hivi. Soko la mtandaoni la Etsy limeiweka hiyo kuwa kanuni yake. Kilichoshonwa jana kwa sura ya zamani ni "retro". Jezi ya mwaka 2019 iliyotolewa kwenye belo pale Karume au Gikomba si vintage. Ni mtumba, na mtumba si neno la kuonea haya. Wauzaji vijana wa Nairobi wamelipamba kwa kuita "thrift", neno ambalo maana yake ya kwanza ni uwekevu, na ambalo limepitia kwenye "thrift store" za Wamarekani. Waingereza huenda "charity shop".

"Bespoke" ndiyo inayonichekesha. Watu wanalitamka kwa heshima kwa sababu linatoka Savile Row, mtaa wa mafundi wa suti London. Linatokana na kitenzi cha zamani chenye maana ya kuagiza mapema: umepimwa wewe, kitambaa kikakatwa kwa ajili yako. Sasa shangazi yako aliyepeleka kitenge chake kwa fundi cherehani wa mtaani, akapimwa kwa futi ya kamba na kuambiwa arudi Ijumaa, amevaa nini? Bespoke. Amevaa bespoke maisha yake yote, na fundi hakuwahi kumaliza Ijumaa.

"Posh" na "swag" ni vifupisho

Ujumbe huu huzunguka WhatsApp kila mwaka. Wanasema "posh" ni "port out, starboard home", yaani ubavu wa kushoto wa meli wakati wa kwenda na wa kulia wakati wa kurudi, eti ilipigwa muhuri kwenye tiketi za matajiri waliosafiri kati ya Uingereza na India, wapate vyumba vya upande wa kivuli kwenda na kurudi. Hadithi tamu, lakini tiketi ya namna hiyo haijawahi kuonekana. Kamusi za maneno ya mtaani za mwishoni mwa karne ya 19 zina "posh" kwa maana ya mtanashati, na huenda ndiko lilikotoka.

"Swag" nayo inasingiziwa kuwa ni kifupisho cha siri cha wapenzi wa jinsia moja wa miaka ya 1960. Kitenzi "swagger", kutembea kwa madaha, kimo tayari katika tamthilia ya Shakespeare ya miaka ya 1590. Karibu kila ukiambiwa neno la zamani la Kiingereza ni kifupisho, tia shaka. RSVP ni miongoni mwa machache ya kweli.

Asili ya "glamour", kwa upande mwingine, inasikika kama uongo na ni kweli. Ni "grammar", sarufi, iliyopindishwa na Waskoti. Zamani kisomo kilihusishwa na uchawi, basi "glamour" ikawa kiini macho, kisha mvuto wa mrembo. Mwalimu wa sarufi na mlimbwende wa jukwaani wanakula kutoka sahani moja.

Ukitumia neno jipya kabisa hutaonekana mshamba

Mwaka 2014 msichana wa Kimarekani alizisifu nyusi zake kwenye mtandao wa Vine kwamba ziko "on fleek", yaani zimekaa sawasawa kabisa. Dunia nzima ikadaka, matangazo ya biashara yakadaka, na baada ya miaka michache aliyelitamka alionekana ametoka usingizini. "Groovy" lilizeeka hivyohivyo kabla ya wengi wetu kuzaliwa. "Cool", la wanamuziki wa jazi, bado linatembea. Hakuna ajuaye kwa nini moja hudumu na jingine huoza, kwa hiyo kwenye kadi inayohifadhiwa kabatini miaka 30 sikuwahi kumshauri mteja aweke neno la mwezi huo.

Ile kamati ya tai nyeusi niliieleza yote haya, kwa kifupi. Mwenyekiti akauliza koti kama hilo hukodishwa kiasi gani. Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, akasema: "Andika Kiswahili. Wanaume: tai nyeusi." Picha zilitoka safi kama alivyotaka, isipokuwa ile ya mjomba mmoja aliyesomea Uingereza, ambaye hakuamini kadi na akaja na tai ya kipepeo.