Je, wajua kwa nini chuma cha goti huzidiwa na ufa ulio upande wa pili?

Mtu mwenye matege ambaye gegedu la upande wa ndani wa goti limeanza kulika anaweza kufanyiwa operesheni ya kunyoosha muundi. Mfupa hukatwa mshazari kutoka ndani, kama sentimita 4 chini ya goti, kuelekea kichwa cha ule mfupa mwembamba wa pembeni. Haukatwi ukaisha: upande wa nje hubakizwa kama milimita 10. Mwanya hupanuliwa polepole, tuseme milimita 10, kisha bamba la titani hufungwa kwa parafujo upande wa ndani.

Kile kipande kilichobakizwa mara nyingine hupasuka katika kupanuliwa huko. Wengi wakisikia husema: si kitu, chuma kipo, na chuma kinaushinda mfupa. Kosa hili lina sura ya ukweli, maana titani ni ngumu kupindika takriban mara 6 kuliko ganda gumu la mfupa. Ila ugumu wa bamba si ndio unaoulizwa. Kinachoulizwa ni uzito unapita wapi.

Chukua dirisha la mbao la nyumba ya Ng'ambo: bawaba huku, komeo kule. Bawaba ziking'oka, dirisha halianguki papo hapo, linaning'inia kwenye komeo. Kusi ikivuma, komeo lililowekwa kuzuia tu sasa linabeba na kupindwa, kila pigo la upepo. Ukiweka komeo nene zaidi, misumari ndiyo itakayotoka kwenye mbao. Bamba ni komeo, na zile milimita 10 za mfupa uliobakizwa ndizo bawaba. Zikivunjika, bamba hupindwa hasa kwenye tundu lililo jirani na mwanya, parafujo hulegea, na mwanya ukichezacheza kupita kiasi mfupa mpya hauungi.

Kompyuta huonyesha haya kwa kuugeuza mfupa wavu. Picha za CT, yaani eksirei za tabaka kwa tabaka, hugawanywa vipande vidogo vilivyoshikana kwa mafundo. Sukuma fundo moja, jirani zake husogea kwa kiasi kinachokokotolewa. Penye bawaba matundu huwa ya wavu wa dagaa, kwingine ya jarife. Matundu hupunguzwa mpaka jibu liache kubadilika. Bila hivyo rangi za kwenye skrini ni pambo tu. Halafu huwekwa mzigo: mtu wa kilo 70 akitembea, goti hubeba mara 2 hadi 3 ya uzito wake, yaani niutoni 1,400 hadi 2,100.

Uzuri wake, mfupa uleule unaweza kuvunjwa mara tatu, jambo ambalo majaribio ya mifupa ya maiti hayakuruhusu. Takeuchi, daktari wa mifupa wa Japani, alizipanga nyufa hizi aina tatu: ya kwanza hufuata mstari wa msumeno na ndiyo yenye nafuu, ya pili huteremka chini ya mstari huo, ya tatu hupanda hadi ndani ya goti.

Tahadhari ipo. Mara nyingi misuli huachwa nje ya hesabu na parafujo huchukuliwa kana kwamba zimegandana na mfupa. Kwa hiyo uigaji huu hufaa kulinganisha bamba na bamba, haumwambii Bi Mkubwa siku ya kutupa magongo.

Ufa ukiwa wa aina ya pili, daktari anaweza kuongeza parafujo au bamba dogo upande wa nje, yaani kurudisha bawaba, na mgonjwa akacheleweshwa kukanyagia mguu.