Duka baada ya mafuriko: yanayosemwa mtaani na ukweli wenyewe

Mvua za masika za 2024 zilipofurisha mito ya Nairobi, Mathare na Ngong, maji yaliingia vibandani, kwa vinyozi na kwenye maduka ya rejareja, kuanzia mtaa wa Mathare hadi Mukuru jijini Nairobi. Baada ya janga la namna hiyo, kila mtu mtaani huwa na ushauri wa kumpa mwenye duka. Mwingi hutolewa kwa nia njema, lakini baadhi yake humalizia biashara ambayo mafuriko yaliiacha ikiwa bado na uhai.

"Bidhaa ikikauka inauzika." Hii ndiyo dhana ya hatari zaidi, na naelewa kwa nini watu huishikilia. Gunia la sukari lililolowa upande mmoja ni pesa, na huenda mwenye duka bado anadaiwa bei yake na muuzaji wa jumla. Lakini maji hayo si ya mvua tupu. Yamepitia vyoo vya shimo na mitaro ya maji taka kabla ya kufika rafuni, na jua haliwezi kuusafisha unga. Unga, mchele, mkate na chochote kilichofungwa kwa karatasi, kikishaguswa na maji hayo, ni cha kutupwa. Soda pia, ingawa wengi hawaamini. Ichunguze chupa iliyozama: chini ya meno ya kizibo hubaki tope ambalo kitambaa hakilifikii, na hapo ndipo mnywaji anapoweka mdomo. Mkebe wa bati usio na kutu, usiobonyea wala kuvimba, unaweza kuokolewa: toa karatasi yake, uoshe kwa sabuni na maji safi, uuloweke kwenye maji yenye jiki (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo), kisha uandike juu yake kilichomo na tarehe ya mwisho ya matumizi. Sheria ya Kenya, Sura ya 254, inakataza kuuza chakula kisichofaa kuliwa. Hata kama isingekuwepo, mtoto atakayetumwa dukani kununua soda hiyo ni wa jirani yako.

"Safisha kwanza, mengine baadaye." Hapana. Piga picha kwanza: alama ya maji ukutani, kila rafu, friji pamoja na namba yake ya kiwandani. Andika orodha ya vilivyoharibika kabla ya kuvitupa, maana bila hiyo hutakuwa na la kumwonyesha mtu wa bima, mkopeshaji wala mfadhili. Daftari la madeni likilowa, usilitupe. Weka vipande vya gazeti katikati ya kurasa ulianike kivulini. Humo mna pesa yako iliyo mikononi mwa wateja. Aliyepoteza rekodi za mauzo aombe taarifa yake ya M-PESA. Friji nayo isirudishwe kwenye stima, hata ikiwa imekauka kwa nje, mpaka fundi aifungue na kuikagua.

"Nina bima ya moto, nimekingwa." Si lazima. Hasara ya mafuriko hulipwa pale tu mafuriko yanapotajwa kwenye mkataba. Usome, kisha toa taarifa mapema.

"Nimefunga, kwa hiyo madeni na kodi vitasubiri." Havisubiri. Mwenye PIN, yaani namba ya mlipa kodi, huwasilisha ritani (taarifa ya kodi) yake KRA, mamlaka ya mapato, hata kama hakuuza kitu, na mkopo usiolipwa unaweza kulipeleka jina lako CRB, wanakoorodheshwa wasiolipa mikopo. Mwendee mkopeshaji kabla ya siku ya kulipa, ukiwa na zile picha, uombe muda. Kukopa kwenye simu ili ulipe mkopo mwingine wa simu, kwa maoni yangu, ndiko kunakofunga maduka mengi kuliko tope.

"Nitafungua palepale, wateja wamenizoea." Mwaka huo huo wa 2024 serikali iliwaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na ubomoaji ukafuata. Kabla ya kununua bati hata moja, pima umbali huo. Ukibaki mtaani humo, tafuta upande wa juu, na uinue rafu ya chini.

"Msaada ni kapu la chakula." Siku za mwanzo, ndiyo, lazima watu wapate kula. Ila unga wa bure ukiendelea kugawiwa nje ya duka lililofunguliwa jana, nani ataingia kununua? Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya limewahi kuwatumia waathiriwa pesa kwa M-PESA, na pesa hiyo inaweza kuzunguka mtaani hadi kwa mama mboga. Chama cha kuweka akiba nacho kinaweza kumlipia mwenye duka kodi ya chumba mwezi mmoja, au kumdhamini kwa muuzaji wa jumla apewe mzigo mdogo wa bidhaa zinazotoka haraka. Muulize mwenyewe amekwama wapi. Na kama jina lako limo kwenye lile daftari lake, anza kwa kulipa deni hilo wiki hii.